Ganda Lililosuguliwa kwa Ndimu

Baada ya kumzika mjomba wangu, mtoto wake wa mwisho, Alimasi, alinunua mashine ya kutafuta chuma ardhini. Aliipata kwa mtu wa machimbo ya Misisi aliyekuwa amechoka kutafuta dhahabu, na sasa anaitembeza kila asubuhi kwenye mashamba ya zamani nyuma ya mji wa Baraka, vidude masikioni, akisikiliza udongo. Dhahabu bado. Anachopata ni misumari, vizibo vya bia na maganda ya risasi, na kwa kuwa mtu fulani amemwambia kwamba wako watu wa mbali wanaoyapenda yale ya kale, hunitumia picha zake kwenye simu na kuniuliza kila moja ni la bunduki gani na la wakati gani.

Mimi nauza dawa Uvira. Kutwa nzima nasoma maandishi madogo kwenye vikasha, na Alimasi anaamini mtu wa namna hiyo anaweza kusoma chochote. Namwambia apige picha ya kitako. Ganda refu lenye ukingo uliotokeza nje kitakoni ni la ile bunduki ya kulishwa mkanda. Ganda fupi linalokonda kuelekea mdomoni, lenye mfereji bila ukingo, ni la kalashi. Tarakimu za upande mmoja ni za kiwanda, za upande wa pili mara nyingi ni za mwaka. Wiki iliyopita alituma picha ya ganda nene, jeusi, lenye ukungu wa kijani, shingo imebanwa, ukingo mpana, na kitakoni hakuna tarakimu. Nikamwandikia kwamba hilo ni la bunduki za kupakia risasi moja moja, zilizobebwa na askari wa Wabelgiji wa kwanza, na kwamba asilisugue hata kidogo. Akauliza kwa nini. Nilianza kumwandikia, nikafuta, nikaanza tena, mwisho nikamwambia duka lina watu. Halikuwa na watu.

Nilikuwa na miaka tisa vita vilipofika Baraka kwa mara ya pili, au ya tatu, inategemea unahesabu na nani. Mama alivuka ziwa kwenda Tanzania na wadogo zangu wawili. Mimi nilibaki kwa sababu siku ya safari nilikuwa na surua, na mwenye boti hakutaka surua chomboni mwake. Walisema watanifuata wiki inayokuja. Wiki hiyo ilichukua miaka mitatu. Nikakaa na koko, yaani bibi yangu mzaa mama, na mjomba Etabo, mdogo wake mama, huyu baba yake Alimasi, fundi cherehani ambaye wakati huo alikuwa hajaoa na ambaye alinishonea magauni kutokana na vipande vilivyobaki, kila bega na rangi yake.

Wenye bunduki walioshika mji walikaa kwenye depo, ghala la zamani la pamba, karibu na bandari. Wenye bunduki wengine walikaa milimani, na mara kwa mara walishuka kuwapiga wale wa mjini. Raia aliyekutwa na silaha nyumbani alihesabiwa kuwa wa milimani, akapelekwa depo, na wengi waliopelekwa huko hawakurudi. Watu wazima walilijua jambo hili kama wanavyojua njia ya kwenda mtoni. Mimi pia nililisikia, tena mara nyingi, lakini lilipita juu ya kichwa changu pamoja na mengine waliyokuwa wakinong'ona.

Nilichokijua mimi ni maganda. Tuliyaita duyi, kwa neno la Kifaransa. Risasi zikinyamaza, tulisubiri kidogo, kisha tukatoka kuyaokota barabarani na kwenye mitaro, yakiwa bado na harufu ya kiberiti kilichozimwa kwa mate. Ukipuliza mdomoni mwa ganda linalia, na kila aina ina sauti yake. Niliweza kufumba macho, ukaniwekea duyi kiganjani, nikakuambia kwa kidole tu ni la bunduki gani. Sikukosea. Shuleni, wakati shule ilipokuwapo, sikuwa wa kwanza kwa lolote, kwa hiyo ufundi huu niliupenda kupita kiasi.

Mchezo wetu ulichezwa mbele ya nyumba ya Sifa, rafiki yangu, ambaye mama yake aliuza mawese. Kila mmoja alipanga maganda yake mstari mmoja mavumbini, na kabla ya kuliweka ganda ilibidi utaje bunduki yake na mahali ilipo. Hili ni la kalashi ya askari mwenye kofia nyekundu. Hili ni la bunduki ya mkanda iliyokuwa darajani. Kama huwezi kutaja, ganda lako linatolewa mstarini na kutupwa pamoja na vizibo vya bia. Hiyo ndiyo sheria tuliyojiwekea, na sijui nani alianza. Sifa alikuwa na ganda moja la bunduki kubwa inayowekwa juu ya gari, refu kuliko kiganja changu, na kwa ganda hilo alinishinda msimu mzima wa mvua.

Koko alikuwa mfinyanzi. Udongo aliuchimba mwenyewe kando ya mto Mutambala, akaukanyaga kwa miguu, akatafuta mawe madogo kwa vidole na kuyatoa, na vyungu vyake vilijulikana sokoni kwa alama moja: miduara mitatu midogo shingoni, imekaa pamoja. Miduara hiyo aliigonga kwa mdomo wa ganda la risasi. Alilikuta ndani ya udongo ule ule alipokuwa msichana, akichimba na mama yake, na tangu siku hiyo lilikaa kwenye kikapu chake pamoja na kipande cha kibuyu na gunzi la muhindi. Lilikuwa jeusi kabisa. Sikuwahi kulifikiria kuwa duyi, kwa kuwa maganda niliyoyajua mimi yalikuwa ya rangi ya shaba au ya kijani cha kijeshi, na hili lilionekana kama kitu kilichoota ardhini.

Katika ukoo wetu mtoto akizaliwa hufinyangiwa chungu cha kuogeshewa, na chungu hicho hakipikiwi kamwe. Hukaa darini mpaka mwenyewe apate nyumba yake. Cha mama kilikwenda naye alipoolewa. Cha mjomba kilikuwa bado juu ya dari, kimefunikwa gunia, na jirani zake walipotaka kumtania kuhusu kuoa walimuuliza kama chungu hakijapasuka kwa uzee.

Siku moja, kwa bahati tu, nilipitisha kidole kwenye kikapu cha koko nikiwa natafuta uzi, nikagusa ukingo. Kidole kilijua kabla sijaangalia. Nilitoa ganda lile nje nikaligeuza. Lilikuwa duyi, nene kuliko la kalashi mara mbili, na la bunduki ambayo hakuna mtoto wa Baraka aliyewahi kuitaja. Nilifurahi mno.

Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo wasichana wote hupeleka sufuria ziwani kuzisugua, na msichana anayerudi na sufuria inayong'aa husifiwa njia nzima. Nililichukua ganda pamoja na sufuria. Nililisugua kwa mchanga kwanza, kisha kwa ndimu, kisha kwa majivu, kisha ndimu tena. Weusi ulitoka taratibu, ukifuatwa na maji ya kijani yaliyoniingia kwenye kucha, na chini yake ikaja njano safi. Harufu ya ndimu na shaba ikichanganyika haifanani na kitu kingine, inakaa nyuma ya koo. Niliendelea mpaka ganda likawa kama limetoka dukani. Kichwani nilikuwa tayari nimemsikia koko akinisifu kwa kulisafisha, baada ya mimi kumshinda Sifa.

Sifa alipoliona aliinama kulitazama karibu, na sikuona furaha usoni mwake, jambo ambalo lilinifurahisha mimi. Kisha akakumbuka sheria.

"Bunduki yake iko wapi?"

Watoto wanne au watano walikuwa wakinitazama. Ganda bila bunduki ni takataka, na nilikuwa nimesugua asubuhi nzima.

"Iko kwetu," nikasema. "Ni ya mujomba."

Kwenye ubao ambao mama Sifa aliuzia mawese alikuwa amekaa askari kijana, akila muhindi wa kuchoma. Hakuwa mgeni kwetu. Yeye mwenyewe alikuwa amenipa maganda mawili matatu siku zilizopita, na nilimhesabu kuwa mtu anayependa vitu hivi kama mimi. Alikuja akalichukua ganda, akaingiza ncha ya kidole, akalinusa. Aliuliza kama nina hakika kuhusu mjomba. Kurudi nyuma mbele ya Sifa kulikuwa kushindwa, basi nikasema nina hakika. Akalitia mfukoni akaondoka bila kumaliza muhindi wake. Niliudhika kwamba hakunipa chochote badala yake.

Walikuja alasiri ile ile, watu sita. Nilikuwa njiani nikitoka kuteka maji, nikawaona wakielekea kwetu, nikakimbia mbele kumwambia koko kwamba wanunuzi wa vyungu wanakuja. Ndivyo nilivyoelewa. Walichimba sakafu chini ya cherehani. Walimwaga unga wa muhogo kwenye mkeka na kuuchoma kwa kisu cha bunduki. Darini hawakupanda, walitoboatoboa tu kwa mti. Hawakupata kitu, na kutopata kwao kuliwaudhi zaidi. Mjomba walimchukua na utepe wake wa kupimia ukiwa bado shingoni, na mmoja wao alimwonyesha koko ganda lile linalong'aa, akamwambia kwamba ana muda mpaka kesho jua likiwa utosini kuileta bunduki depo, na ikipita hapo asijisumbue kuja.

Koko aliuzoa unga kwanza. Kisha akavuta kikapu chake, akakitazama, akaniita. Hakuwa amekasirika, au kama alikuwa, hasira yake ilikuwa imekaa mbali sana.

"We ulisugua ile duyi yangu?"

"Ndiyo, koko."

"Na nini?"

"Na muchanga. Na ndimu."

Alikaa chini. Nilimweleza yote, pamoja na nilichomjibu Sifa, na nilipomaliza nilingoja kofi. Halikuja. Alitazama mikono yangu, kucha zilizokuwa bado na kijani.

"Ile weusi njo ilikuwa myaka yake," akasema. "Umeitoa yote."

Ndipo nikalia, si kwa ajili ya mjomba, maana nilikuwa bado sijaelewa, bali kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi nzuri na mtu ninayempenda aliniambia ni mbaya. Lazima niseme hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Baadaye jioni koko alizunguka kwa jirani, akazungumza nao milangoni, akarudi, akalala bila kula. Mimi nilikula.

Asubuhi alipanda kwenye dari akashusha chungu cha mjomba. Alifunga bonge la udongo mbichi kwenye jani la mgomba, akanibebesha. Mama Sifa alikuja na chungu chake cha mawese alichonunua kwa koko mwaka alioolewa, na jirani wa pili akaja na chungu alichorithi kwa mama mkwe, kimekuwa cheusi kwa masizi. Tulikwenda hivyo mpaka depo, wanawake watatu na vyungu kichwani na mimi nyuma na udongo. Njiani watu walituamkia kwa sauti ya chini, kama wanavyoamkia waliofiwa.

Komanda alikuwa mtu mzima, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Meza yake ilikuwa nje, chini ya kivuli cha paa. Hakumfukuza koko. Alitoa ganda mfukoni mwa shati akaliweka mezani, liking'aa vibaya sana, akaongea kabla koko hajafungua kinywa.

"Mwanako amekwisha kubali, mama. Amesema bunduki alikuwa nayo. Amesema aliitupa mu ziwa."

Koko hakuwa amelitegemea hilo. Niliona mkono wake ukitafuta ukuta. Mama Sifa alinitazama mimi, kisha akatazama pembeni. Nilidhani tutageuka turudi nyumbani.

"Sawa," koko akasema. "Lakini tuangalie kwanza hii, komanda."

Aliweka chungu cha mjomba mezani, akamwonyesha miduara mitatu shingoni. Alichukua ganda bila kuomba ruhusa, akaingiza mdomo wa ganda kwenye mduara wa kwanza, na ukaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Akafanya hivyo kwenye chungu cha mama Sifa. Akafanya hivyo kwenye cha jirani, baada ya kukwangua masizi kwa kucha. Kila mwanamke alieleza chungu chake kilinunuliwa lini na nani alikuwapo, na mmoja alitaja mafuriko, mwingine harusi. Kisha koko akafungua jani la mgomba, akausawazisha udongo kwa kiganja mbele ya komanda, akamwomba ajaribu maganda ya bunduki zake yeye.

Maganda hayakuwa shida, yalijaa uwanjani. Komanda aliokota la kalashi, akalibonyeza, ukatoka mduara mdogo. La bunduki ya mkanda likatoa mduara karibu sawa na huo. Akamtuma askari kuleta la bunduki ya juu ya gari, nalo likatoa mduara uliozidi. Akabonyeza la koko katikati yao. Halikufanana na lolote. Akarudia, mstari wa pili, kisha wa tatu, akilinganisha, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo, na kwa muda mfupi nilimwona amesahau kwamba sisi tupo.

"Nyungu ya mwanangu iko na myaka makumi mbili na tano," koko akasema. "Hii duyi nilikuwa nayo mu mukono mbele ye azaliwe. Bunduki yake, muntu gani aliiona?"

Komanda alilishika ganda kwenye mwanga. Nadhani alikuwa karibu kukubali, na ndipo ile kazi yangu ya Jumamosi ikamrudisha nyuma. Akasema kitu cha zamani hakiwezi kung'aa hivi. Akasema labda la zamani lilikuwa jingine, na hili ni jipya linalofanana nalo. Akauliza nani alilisugua.

Koko hakunisukuma mbele wala hakulitaja jina langu. Nilisogea mwenyewe, kwa sababu hapo nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba upande wa pili wa ukuta ule yuko mjomba na kwamba kuna kitu kati yake na sisi ambacho nilikiweka mimi.

"Ni mi nilisugua," nikasema. "Na bunduki hakuna. Nilisema uongo ku mutoto mwenzangu."

Komanda akasema kila mtoto ambaye mtu wake amefungwa husema hivyo. Lakini aliinama, akaokota nje ya kivuli cha paa ganda lililokanyagwa na kunyeshewa mpaka likawa jeusi kama mkaa, akamtuma askari yule yule wa muhindi kutafuta ndimu. Aliniambia nifanye kama nilivyofanya jana.

Nilikaa chini nikasugua. Mchanga ulikuwapo, majivu yalikuwapo kwenye jiko lao. Nilikuwa na mkato kwenye kidole na ndimu iliniunguza, lakini sikuacha. Kivuli cha paa kilikuwa kinasogea kuelekea ukutani na kila mtu alikuwa anakitazama isipokuwa mimi. Leo naona haya kusema jinsi nilivyojisikia wakati ule. Nilijisikia vizuri. Nilikuwa nimepewa kazi niliyoiweza, mbele ya watu wazima, na nilitaka kusifiwa. Weusi ulipotoka na njano ikaja, niliinua ganda juu nimwonyeshe. Akaliweka kando ya la koko, akayatazama yote mawili muda mrefu. Kisha akaniuliza hilo nililosugua ni la bunduki gani, nikamjibu bila kuangalia kitako, na akacheka kidogo puani.

"Basi kwa nini yeye amekubali?" akamuuliza koko.

"Muntu akipigwa anakubali, komanda."

Komanda aliandika kitu, akafuta, akaamuru mjomba aletwe. Mimi naamini koko alimshinda kwa vyungu vyake. Lakini pia suruali za askari wale zilikuwa zimechanika magotini karibu zote, na mjomba ndiye aliyekuwa fundi pekee aliyebaki mjini. Kwa miezi iliyofuata alizishona bure. Ganda komanda alibaki nalo, na koko kuanzia hapo alitia vyungu alama kwa kucha.

Mjomba alitoka amefunika macho kwa mkono kwa sababu ya jua. Alikuwa na kiatu kimoja, na upande wa kushoto wa uso ulikuwa mkubwa kuliko wa kulia. Koko alimshika kwapa. Mimi nilikwenda upande wa pili nikamshika mkono, nikaung'ang'ania njia nzima mpaka nyumbani.

Na hili ndilo nililokuwa nikilifikiri njiani, nikiwa nimeushika mkono ule. Komanda alisema mjomba alikubali. Mtu mzima hawezi kukubali kitu ambacho hakipo, hasa mjomba, ambaye hakuwahi kunidanganya hata kuhusu urefu wa gauni. Kwa hiyo bunduki ilikuwapo. Ilikuwapo nyumbani kwetu muda wote, labda ndani ya mguu wa meza ya cherehani, na aliitupa ziwani, na mimi niliitaja bila kujua. Basi sikuwa mwongo. Nilichokisema kwa Sifa kilikuwa kweli, na wazee walimdanganya komanda kwa ustadi mkubwa mpaka akaamini. Nilimshika mjomba mkono kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba ni mtu hatari, na nilijivunia.

Uamuzi huo ulinipa raha ya miaka mingi. Mama alirudi, tukahamia Uvira, nikasoma, nikaolewa, nikazaa, na popote vita vilipozungumzwa nilijua moyoni kwamba sisi nasi tulikuwa na bunduki yetu. Mtu angesema nilipaswa kufikiri upya nilipokua. Sikufikiri upya. Mambo yanayotustarehesha hatuyachunguzi sana.

Mjomba baadaye alihamia Kazimia, akafungua kibanda cha kushona karibu na bandari, akaoa kwa kuchelewa, akapata watoto. Mwaka wake wa mwisho miguu ilikuwa inavimba, na mimi nilikuwa nikimpelekea dawa kwa boti. Mara moja, tumekaa nje ya kibanda, ziwa limetulia, wake kwa waume wakipakua dagaa, nilimtania. Nilimuuliza aliitupa upande gani, niwatume vijana wakaizamie.

Hakuelewa. Nikasema bunduki, mjomba, ile uliyoitupa ziwani. Alicheka, kisha akaona kwamba mimi sicheki kama yeye anavyocheka.

"Mi sijashikaka bunduki hata siku moja," akasema. "Ulifikiri ilikuwa kweli?"

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali. Aliweka chini shati alilokuwa analishona. Akaeleza polepole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo ambalo wote wawili walikuwapo. Kule depo walikuwa wamemwambia ni mimi niliyesema. Akawaambia mtoto huyo anatunga. Wakamjibu sawa, tutamleta hapa ndani, tumuulize kama tunavyokuuliza wewe, tuone kama ataendelea kutunga.

"Ulikuwa na myaka kenda," mjomba akasema. "Nikawaambia mutoto hasemi uongo. Bunduki ilikuwa, niliitupa."

Kisha akachukua shati lake. Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. Akasema hakuona haja. Siku ile njiani, alivyosikia nilivyoushika mkono wake, alijua nimekwisha kuelewa yote, na akasema mkono ule ndio uliomfikisha nyumbani.

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia nililokuwa nikilifikiri siku ile njiani. Tulikaa pale mpaka boti yangu ikaitwa, na sikumwambia. Nilimpa dawa, nikamweleza ngapi asubuhi na ngapi jioni. Alikufa miezi michache baadaye, akiamini kwamba siku ile nilimshika mkono kwa kumshukuru.